Umetuhumiwa kusambaza video ya ngono mtandaoni? Mambo 9 yanayoweza kuamua kesi yako

Saa mbili usiku simu inaita. "Fika kituoni, kuna binti amekufungulia RB." Unaambiwa video yake ya faragha imezagaa kwenye kundi la WhatsApp ambalo wewe ndiye admini, na imetoka kwenye namba yako.

Wengi hapo hufanya mambo matatu haraka haraka. Wanafuta kila kitu kwenye simu. Wanampigia binti kumwomba yaishe. Kisha wanakwenda kituoni kumwaga maelezo yote "ili nirudi nyumbani". Yote matatu yanaweza kukuumiza, hata kama hukutuma hiyo video.

Makala hii ni kwa mtu aliyetuhumiwa Tanzania Bara, na kwa ndugu yake anayehangaika nje ya kituo. Haichukui nafasi ya wakili. Inakusaidia usiharibu kesi kabla wakili hajafika.

1. JUA UNATUHUMIWA KWA KOSA LIPI

"Makosa ya mtandao" ni neno pana. Uliza kosa lenyewe ni lipi, kwa sababu utetezi unategemea hilo.

Sheria kuu ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndani yake kuna makosa matatu yanayojitokeza sana kwenye kesi za aina hii:

- Kusambaza ponografia (kifungu cha 14 cha sheria ilivyotungwa). Adhabu ni faini isiyopungua Sh milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote kwa pamoja. Ikionekana ni chafu ya kupindukia, ni faini isiyopungua Sh milioni 30 au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote.

- Ponografia ya watoto (kifungu cha 13). Hapa faini huanzia Sh milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na tafsiri ya sheria inamgusa hata mtu anayeonekana kuwa mtoto.

- Kumsumbua au kumtisha mtu mtandaoni (kifungu cha 23), mfano ujumbe wa "nitumie hela la sivyo naivujisha". Faini haipungui Sh milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Angalia neno "isiyopungua". Huko ndiko adhabu inakoanzia. Anayekwenda kukiri akidhani atapigwa faini ya laki mbili anakosea sana.

Angalia pia neno "kuchapisha". Mtaani tunadhani ni kuweka kwenye mtandao kwa watu wote. Kwenye sheria hii linabeba kusambaza, kutuma, kunakili, kuonyesha, kubadilishana, kuuza na kufanya kitu kipatikane kwa njia yoyote. Kufowadi kwa rafiki mmoja kumo humo ndani.

2. USIFUTE, USIFOWADI, USIMTAFUTE MLALAMIKAJI

Kabla ya tuhuma yoyote, video kama hiyo ikiingia kwenye simu yako, ondoka kwenye kundi, ifute na usimpelekee mtu. Lakini ukishajua kuna malalamiko, mambo yamebadilika. Kufuta au kuficha data kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa linalojitegemea chini ya sheria hiyo hiyo. Unaweza kuponyoka kwenye kosa la kwanza ukanaswa na hili la pili.

Kuna hasara nyingine. Mara nyingi simu unayoifuta ndiyo ingekutetea. Saa video ilipoingia, nani aliituma, ilifunguliwa au la, ilitoka kwenda wapi, yote hayo yalikuwa humo.

Usimtumie wakili, kaka yako wala rafiki hiyo video eti kama "ushahidi". Ukituma, umesambaza tena, na safari hii kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie wakili ipo kwenye simu gani. Yeye atajua namna ya kuifikia kihalali.

Usimpigie mlalamikaji, usitume wazee, usimwandike kwenye status. Ombi la "tuyamalize" linaweza kusomwa mahakamani kama vitisho au kama kukiri.

Na jihadhari na matapeli. Akikupigia mtu anayejiita afande akitaka pesa kwa simu ili "afute faili", nenda kituo kilichotajwa ukaulize kama hilo jalada lipo kweli.

3. KITUONI: HESABU MASAA, SOMA KABLA YA KUSAINI

Una haki ya kuambiwa kosa unalotuhumiwa. Una haki ya kukaa kimya, na anayekuhoji anatakiwa akuonye kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sema kwa utulivu: "Afande, nitatoa maelezo nikiwa na wakili wangu." Hiyo si jeuri.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za mahojiano tangu uwekwe chini ya ulinzi. Zinaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu wake. Muda wa safari ya kukupeleka kituoni au wa kusubiri wakili hauhesabiwi. Ndugu aliye nje aandike kwenye daftari: amekamatwa saa ngapi, wapi, amefikishwa kituoni saa ngapi, ameanza kuhojiwa saa ngapi. Kuna kesi ambazo maelezo ya mshtakiwa yalitupwa kwa sababu ya masaa tu.

Maelezo ya onyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote kituoni. Yasome neno kwa neno. Ukikuta limeandikwa "nilituma" wakati ulisema "ilitumwa kutoka kwenye simu yangu", omba lirekebishwe kabla ya kusaini, maana ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama umepigwa au umetishwa, mweleze hakimu siku ya kwanza unapofikishwa mbele yake. Maelezo hayo yakiletwa baadaye, mahakama inatakiwa kwanza ichunguze kama uliyatoa kwa hiari.

Polisi wakiona haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, wanatakiwa wafikirie kukupa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Mashtaka haya kwa kawaida yana dhamana mahakamani, ila yakiunganishwa na shtaka lisilo na dhamana, kama utakatishaji fedha, mambo hubadilika.

Mtuhumiwa akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anapaswa kujulishwa, na kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto. Mtoto hafungwi jela. Wazazi, msikubali mwanenu aandikwe umri mkubwa. Bebeni cheti cha kuzaliwa.

4. SIMU IKICHUKULIWA

Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa. Usigombane, maana kukaidi amri halali ni kosa. Ila fanya haya:

- Omba kuiona amri.
- Hakikisha inaandikwa hati ya kukamata mali: aina ya simu, rangi, namba ya IMEI, laini zilizomo, kadi ya kumbukumbu, saa na tarehe.
- Shahidi huru, kama mjumbe au jirani, awepo na asaini.
- Angalia kama simu imezimwa au imefungwa kwenye bahasha, au kama mtu anaendelea kuiperuzi.
- Ukiombwa nywila, omba kwanza kuongea na wakili.

Kwa nini mambo madogo kama haya? Kwa sababu ya mlolongo wa utunzaji wa kielelezo. Katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007), Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa kuwa na kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa wapi, kikapita kwa nani na kikachunguzwa lini. Baadaye mahakama hiyo ilikubali kuwa vitu visivyobadilika kirahisi havihitaji ukali uleule. Lakini data iliyo ndani ya simu inabadilika kirahisi mno. Simu ikiachwa imewashwa, bado inapokea ujumbe. Wakili atauliza: kati ya siku ilipochukuliwa na siku ilipochunguzwa, nani aliigusa?

5. LAINI INA JINA LAKO, LAKINI NANI ALIBONYEZA?

Huu ndio moyo wa kesi nyingi za mtandaoni.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ni rahisi polisi kujua namba ni ya nani. Lakini usajili unaonyesha mwenye laini, hauonyeshi mtumaji. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyetuma, na kwamba ulijua unachotuma.

Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kati ya mtumaji na mpokeaji. Kampuni ya simu inaweza kutoa taarifa za usajili, orodha ya simu zilizopigwa na minara simu ilikopita. Haina video yako ya WhatsApp. Kwa hiyo ushahidi mzito hutoka kwenye simu zenyewe: ya mlalamikaji, ya aliyepokea, na yako. Tena ujumbe uliofowadiwa hauonyeshi ulianzia kwa nani. Anayekamatwa mara nyingi ni yule ambaye jina lake lilionekana, na huenda siye wa kwanza.

Jiulize maswali haya ukiwa bado unakumbuka, na mpe wakili majibu:

- Siku na saa hiyo simu ilikuwa wapi? Kwa fundi? Kwenye chaji dukani? Kwa mdogo wako?
- Nani anajua nywila yako?
- Je, WhatsApp yako ilikuwa imeunganishwa kwenye kompyuta au simu nyingine? Programu ina sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa.
- Uliwahi kupoteza laini au kuirudisha upya? Una taarifa ya upotevu ya polisi?
- Kuna namba nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA bila wewe kujua? Piga *106# uangalie.
- Ulipata barua pepe au ujumbe kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako?
- Akaunti inayotajwa ni yako kweli, au ni mtu aliyeweka picha na jina lako tu?

Risiti ya fundi yenye tarehe inaweza kuwa na nguvu kuliko hotuba ndefu kizimbani. Fundi mwenyewe akija kutoa ushahidi, bora zaidi.

6. "ILIINGIA YENYEWE KWENYE GALARI"

Hili hutokea kweli. WhatsApp ikiwekwa kupakua yenyewe, video inaingia kwenye galari hata kama hujaigusa. Uko kwenye makundi kumi, ya harusi, ya mpira, ya kazini, na hujui nusu ya yanayotumwa.

Kupokea si sawa na kusambaza. Mtaalamu anaweza kuangalia faili liliingia saa ngapi, kutoka kundi gani, na kama lilitumwa mbele. Ndiyo maana narudia: usifute.

Na admini je? Kuwa admini peke yake hakuthibitishi kwamba umetuma. Lakini ukiwa umeiona, ukacheka, ukaandika "leteni na ile nyingine" na kuiacha ikae, utetezi wa "sikujua" umeuua mwenyewe. Kama uliwahi kukemea au kumtoa aliyetuma, ujumbe huo ni dhahabu.

7. SKRINISHOTI SI MSAHAFU

Kesi nyingi huanza na skrinishoti. Ni mwanzo mzuri wa upelelezi, ila ni ushahidi unaochezewa kirahisi. Jina la juu ya mazungumzo ni lile ambalo mwenye simu amelisevu. Mtu yeyote anaweza kusevu namba yake nyingine kwa jina lako akajichatisha. Siku hizi hata sura na sauti vinatengenezwa kwa akili mnemba.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie, pamoja na mambo mengine, jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kutumwa kwa namna ya kuaminika, kama ukamilifu wake umelindwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni haya: simu ya asili iko wapi? Nani alipiga hiyo picha ya skrini, lini? Kwa nini mazungumzo yameanzia katikati? Aliyechunguza simu ana utaalamu gani, na alitumia njia gani?

Kama una mazungumzo kamili upande wako, usiyaguse. Ujumbe mmoja uliokatwa juu na chini unaweza kuonekana tishio, ilhali ukisomwa wote ni mzaha wa watu wawili.

8. MAHAKAMANI: MITEGO MINNE INAYOWANASA WASIO NA WAKILI

Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika, ibara ya 13(6)(b). Wajibu wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Kazi yako ni kuonyesha shaka hiyo ipo. Lakini kuna mitego:

Wa kwanza, kukiri kosa. Ukisema "ni kweli" bila kuelewa maelezo yote ya kosa, kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani kunakuwa kugumu sana. Kama una "ila", sema "si kweli" na uieleze hiyo "ila" kwenye utetezi.

Wa pili, usikilizwaji wa awali. Utaulizwa mambo usiyoyabishia. Ukikubali, yanahesabiwa yamethibitishwa. Kukubali kwamba namba ni yako ni tofauti na kukubali kwamba ulituma. Sikiliza kila sentensi.

Wa tatu, vielelezo. Simu, ripoti au maelezo ya onyo yakiletwa, utaulizwa kama una pingamizi. Hapo ndipo pa kusema. Ukinyamaza, kulalamika baadaye ni kazi.

Wa nne, maswali ya dodoso. Usipomhoji shahidi kwenye jambo muhimu alilosema, mahakama inaweza kuchukulia kwamba umelikubali. Andika maswali usiku wa kabla. Kama utetezi wako ni kwamba hukuwepo eneo la tukio, unatakiwa kutoa taarifa mapema kabla ya kesi kuanza kusikilizwa.

9. UTETEZI AMBAO HAUFANYI KAZI

"Alikubali nimrekodi." Kukubali kurekodiwa si kukubali kusambazwa, na kifungu cha 14 kinakataza kusambaza chenyewe.

"Nilifowadi tu, mimi si wa kwanza." Kufowadi ni kusambaza.

"Nilimtumia mtu mmoja." Mmoja anatosha.

"Binti mwenyewe ana tabia hizo." Hili halijibu swali la nani alituma. Linamuumiza mtu ambaye tayari ameumia, na linamwonyesha hakimu mtu asiyejutia. Kumbuka, mwenye mwili uliopo kwenye video ndiye atakayeishi nayo hata kesi ikiisha. Utetezi mzuri unapambana na ushahidi, haupambani na utu wake.

Na kama kweli ulituma? Mwambie wakili ukweli wote, tangu siku ya kwanza. Bado kuna kazi ya kufanya: kuhakikisha shtaka ni lile linalolingana na ulichofanya, taratibu zimefuatwa, na mahakama inasikia kama ni kosa lako la kwanza. Wakili aliyedanganywa hugundua ukweli kizimbani, mbele ya watu, wakati hawezi tena kukusaidia.

HUNA HELA YA WAKILI?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Mwombe hakimu mapema, siku ya kwanza ikiwezekana, kwamba huna uwezo na unahitaji msaada wa kisheria. Unaweza pia kuulizia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) au Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS). Kwa walioko Zanzibar, Sheria ya Makosa ya Mtandao inawahusu pia, ila mwenendo wa kesi za jinai una sheria yake huko, hivyo masaa na hatua zilizotajwa hapa zisichukuliwe moja kwa moja.

Turudi kwa yule admini aliyepigiwa saa mbili usiku. Akifika kituoni simu yake ikiwa haijaguswa, ndugu yake nje akiandika masaa, na yeye akisema jina lake kisha akasubiri wakili, bado ana kesi ya kupigania. Akifika ameshafuta kila kitu, ameshampigia binti mara tano na anasaini karatasi asiyoisoma, wakili atakayekuja kesho atakuta kazi imeharibika.

Na kwa sisi wengine ambao hatujapigiwa simu hiyo: zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye WhatsApp leo, weka uthibitishaji wa hatua mbili, na "koneksheni" ikiingia, iishie kwako.